Safari ya Kupeleka Kipande cha Jicho Langu Dar es Salaam

Wenzangu wa mwaloni Katonga, mmeniuliza habari hii kwa vipande. Mmoja aliuliza huku anageuza dagaa, akaitwa na mteja kabla sijafika hata Tabora. Mwingine alitaka kujua kitu kimoja tu, kama nilikiona kisu. Kwa hiyo nimeiandika yote, nitaiacha kwenye kibanda cha chai cha Mama Rehema, msome kwa zamu. Habari za kutafuta nafasi hospitali na kukata tiketi nimeziruka. Hazina utamu.

Kwa asiyetujua vizuri: mimi Zuhura ndiye mkubwa, nyuma yangu wapo Idi na Mwanaidi. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la sita, na shule yangu ikaishia hapo. Idi hakuzaliwa na mama yetu. Mama yake alikuwa jirani aliyetoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akafariki muda mfupi baada ya kujifungua. Mama yangu alikuwa na Mwanaidi mchanga kifuani, akamchukua Idi akampa titi la pili. Kwetu Ujiji mjadala unaishia hapo. Uliyenyonya naye ni ndugu yako. Hamwoani, na mnazikana. Mtaani Idi na Mwanaidi wanaitwa mapacha mpaka leo. Jambo hilo hakuna anayelificha, na hakuna anayelitaja.

Idi aliungua kwa chokaa. Alikuwa Mwandiga akipaka ukuta wa nyumba ya watu, akamwaga maji kwenye pipa la chokaa mbichi kwa pupa, ikachemka na kumrukia macho yote mawili. Vidonda vilipona, lakini macho hayakupona. Ngozi nyekundu yenye mishipa ilianza kutambaa juu ya kioo cha jicho, kila mwezi inasogea, hadi akawa anaona mwanga na vivuli tu. Jua lilimchoma kama pilipili.

Daktari wa Kigoma alinieleza nikaelewa. Alisema pale weusi wa jicho unapokutana na weupe kuna ukingo mwembamba, na ndani ya ukingo huo zinakaa seli shina. Hizo ndizo zinazozaa ngozi mpya, safi, ya kufunika kioo, siku zote za maisha yetu. Chokaa ilikuwa imeunguza ukingo wote.

"Basi awekewe kioo kipya," nikasema.

"Nacho kitafunikwa vilevile. Ukingo ndio kitalu. Bila kitalu, magugu yanaingia."

"Na hizo seli haziwezi kuota tena?"

"Zikiisha zimeisha. Zinapandikizwa kutoka kwa ndugu yake. Kipande kidogo sana. Jicho la mtoaji linabaki linaona."

Mwanaidi alikuwa na mimba. Nikasema nitatoa mimi.

Ujiji: wanaliaga jicho

Habari ilitoka hospitali ikiwa kipande, ikafika Ujiji ikiwa jicho zima. Jioni nikamwona jirani yetu Bi Tatu anaingia uani na unga na sukari kichwani, nyuma yake kina mama watatu, sura zimeinama kama za msibani.

"Pole mwanangu," akasema, akanishika mashavu. "Ni la kulia au la kushoto?"

"Bi Tatu, shikamoo. Hawaling'oi."

"Marahaba. Ndivyo wanavyosema kwanza."

Nikaeleza habari ya ukingo. Wakasikiliza, wakatazamana. Halafu mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama hicho kipande kikibaki kitazikwa wapi, maana kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Niliahidi kumuuliza daktari. Tukasomewa dua, tukanywa uji, na kabla ya kuondoka Bi Tatu alinitazama jicho moja kwa muda mrefu, kisha la pili, kama mtu anayechagua samaki.

Idi alikuwa amekaa kizingitini na miwani yake myeusi. "Mimi ndiye kipofu," akasema, "lakini pole zote umechukua wewe."

Kigoma hadi Nguruka

Treni iliondoka stesheni ya Kigoma imejaa mawese. Kila mtu alikuwa na dumu lake. Mimi nilikuwa na langu, na kikapu cha samaki wetu wakavu, migebuka, kwa ajili ya mwenyeji wetu, na ugali wa muhogo niliofunga kwenye majani ya mgomba. Mbele yetu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenyeji wa Urambo, aliyekuja Kigoma kumuuguza binti yake. Watu walimwita Mama Kulwa, kwa sababu ana watoto pacha. Alitusalimia vizuri, akatutania kwamba watu wa mwisho wa reli tumezoea kusahauliwa. Nikamjibu kwamba kwetu ndiko reli inakoanzia, wao wa Urambo wamepitiwa tu njiani. Akacheka hadi akashika mbavu.

Kisha Idi akavua miwani kujifuta.

"Yesu wangu! Macho mekundu!" Mama Kulwa alisimama na mizigo yake yote. "Jamani sogeeni, yanaambukiza haya! Mtaa wetu mzima tuliugua!"

Watu walihama kama wamemwagiwa maji ya moto. Nilijaribu kusema ni chokaa, ila hakuna aliyebaki wa kunisikiliza. Idi akapapasa benchi, kushoto, kulia, akaona liko tupu. Akajinyoosha, akaweka miguu juu.

"Dada," akasema, "kumbe daraja la kwanza linapatikana hivi."

Alilala hadi Uvinza. Mimi nikamega ugali, nikala na kichwa cha mgebuka, nikitazama mashamba ya michikichi yanavyopungua na pori kuanza. Sikuwahi kufika mbali kiasi kile. Kila stesheni nilitaka kujua jina lake, na wanauza nini, na kwa nini wanauza hicho na si kingine.

Nguruka: treni inangoja

Nguruka tulikaa. Mvua ilikuwa imenyesha mbele, ardhi ya chini ya reli imelegea, na mafundi walikuwa wakiijaza mawe. Tuliambiwa saa moja. Hiyo saa moja ilizaa nyingine, nazo zikazaana.

Kufikia adhuhuri abiria wote walikuwa chini, kwenye kivuli cha mabehewa, wananunua asali kwenye chupa za maji, mihogo ya kuchoma na samaki wa Malagarasi. Niliwaonja samaki hao kwa ajili yenu. Wana mafuta, lakini wana tope kidogo mdomoni. Wetu wanawashinda.

Mama Kulwa alikuja na mihogo mitatu kwenye gazeti. Alisimama mbali kidogo.

"Nimesikia kwa kijana muuza viazi mliyezungumza naye kwamba ni chokaa," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nawalinda wenzangu wa behewa."

"Hukukosea, mama," Idi akamjibu. "Rudi, lakini usirudi na wote, benchi nimeshalizoea."

Akaketi nasi. Alitaka kujua kila kitu, na mimi napenda mtu anayetaka kujua. Nilipofika kwenye kipande cha jicho langu, alimaliza kutafuna, kisha akauliza, "Sasa huyu akishapandikizwa jicho la mwanamke, hataanza kulia ovyo?"

"Mkiniona sokoni nachagua vitenge," Idi akasema, "mjue limeshika."

Mama Kulwa analima tumbaku, na neno kupandikiza kwake si geni. Alituambia mche ukitolewa kitaluni na kupelekwa shambani hunyauka kwanza, hata udongo ukiwa mzuri. Unalegea majani mtu akadhani umekufa. "Lakini mche wa shamba jirani unashika upesi kuliko wa mbali," akasema. "Nyinyi ni tumbo moja, utashika tu."

Sote wawili tukaitikia, "Inshallah." Hakuna kati yetu aliyekuwa na wazo lingine.

Tuliondoka Nguruka jua likielekea kuzama. Urambo Mama Kulwa akashuka, akatuachia kibuyu kidogo cha asali.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Dodoma tulihamia treni ya umeme. Nitawaeleza ilivyo kwa mtu aliyezoea ile yetu: haikohoi. Inateleza. Idi alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tayari tumeondoka.

"Tumeondoka zamani. Tunapita milima."

"Nieleze."

Nikaanza kumweleza, lakini nilipotamka mlima ulikuwa umeshapita. Nikitaja daraja, tuko shambani. Mwishowe tukacheka wote. Mhudumu mmoja msichana alisimama kwetu akiwa na uso wa wasiwasi. Dumu langu la mawese lilikuwa limeanza kutoa machozi kwenye kifuniko. Nililifunga kwa khanga, nikalibeba mapajani kama mtoto mpaka Dar es Salaam.

Mwenyeji wetu alikuwa Bi Mwamvua, mzaliwa wa Ujiji aliyeolewa Ilala. Alipofungua kikapu na kunusa migebuka, hakuuliza hata habari ya safari. Alikaanga papo hapo. Majirani wakafungua madirisha, mmoja akauliza kuna nini kimeungua. "Hakijaungua kitu," Bi Mwamvua akapaza sauti. "Ni kwetu huko kunakonukia!"

Hospitali

Daktari wa macho aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alimchunguza Idi kwa muda mrefu, kisha akanichunguza mimi, akasema ukingo wangu ni mzuri. Sijawahi kusifiwa kitu hicho.

"Huyu ni mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja," nikasema. Idi naye akatikisa kichwa. Jibu lilitoka kama unavyojibu salamu. Tangu tuzaliwe, mtu akituuliza hivyo huwa anataka kujua kama tunapendana.

Wakachukua damu zetu za kulinganisha, tukarudi Ilala kungoja.

Siku ya majibu daktari aliniita peke yangu. Alizunguka maneno kidogo, akauliza kama kuna jambo la kifamilia ambalo labda mdogo wangu halijui. Nikashangaa. Akasema makundi ya damu zetu yanakubaliana, lakini kwenye kile kipimo kikubwa cha undugu hatukulingana hata kidogo.

"Dada Zuhura, kwa kipimo hiki, wewe na Idi ni kama watu wawili waliokutana barabarani."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa ameniuliza. Nikamweleza habari ya mama yangu na titi la pili. Daktari aliweka kalamu chini. Alicheka, si kwa dharau, alionekana amefarijika kwamba hajafumbua siri ya mtu.

"Maziwa hayafiki huko?" nikamuuliza.

"Kwenye kipimo hiki hayafiki."

"Basi kipimo chenu ni kifupi."

"Kifupi, ndiyo," akasema. "Lakini mwili wa Idi unasoma kama kipimo, hausomi kama wewe. Utaona mgeni, na utapigana naye."

Akanipa habari yote bila kuipunguza. Tungekuwa tumelingana, dawa za kutuliza mwili zingekuwa nyepesi. Sasa zitakuwa kali, na za muda mrefu. Zinaweza kusumbua figo, zinaweza kumfanya ashikwe na kila homa inayopita, na damu yake itapimwa kila mwezi. Na hata hivyo mwili unaweza kushinda, na ukishinda, kipande kinakufa. Kungoja cha marehemu kunawezekana, lakini marehemu naye ni mgeni. Ndugu wa tumbo moja Idi hana.

"Wewe bado unataka kutoa?"

"Sikuja huku kupima undugu," nikasema. "Nimekuja kutoa."

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa sijazungumza na Idi.

Alikuwa kwenye benchi la varandani, miwani usoni. Nilimweleza yote nikitegemea atanitania. Hakutania.

"Kwa hiyo sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Kipande chako. Tukate tiketi turudi."

Nilifikiri anaogopa dawa. Nikaanza kumwambia kuhusu figo na vipimo, akanikatiza.

"Dada, mimi maisha yangu yote ni wa kwenu. Hakuna aliyewahi kuniambia vingine, hata watoto tukigombana. Sasa uniwekee kitu chako ndani ya jicho, halafu mwili wangu ukikatae? Ukitapike? Itakuwa mimi ndiye nimesema si wenu. Si mashine. Mimi." Akarekebisha miwani. "Bora nisione."

Wagonjwa waliokuwa karibu walijifanya hawasikii. Mimi nikajibu kwa lugha ninayoijua.

"Unakumbuka ulipougua surua?"

"Nilikuwa mdogo."

"Ulikuwa mdogo na mkaidi. Ulitema uji wangu ukutani. Nikakupikia mwingine, ukatema. Mwanaidi akaniambia, 'Hamtaki tena, Dada.' Nilikushika pua, nikakutia kijiko kwa nguvu, ukalia, ukameza. Kesho hivyohivyo. Je, ulipotema uji wangu ulikuwa unasema wewe si wetu?"

Nikasogea karibu naye.

"Mwili haujui kitu, Idi. Ni mtoto mwenye surua. Hiyo dawa ndiyo kijiko. Na wa kukushika pua bado nipo."

Alingoja nesi apite na toroli la chai. Kisha akasema, "Uji wako ulikuwa na mabonge."

Nikainuka kwenda kumwambia daktari.

Chumba cha upasuaji

Kisu nilikiona, kwa jicho la pili. Ni kidogo kuliko wembe wa kukata kucha. Walinitia matone, kisha sindano pembeni, na baada ya hapo nilihisi kuvutwa tu, kama mtu anavyokuvuta ukope akitoa mdudu. Taa ilikuwa kali kama ya wavuvi ikikugeukia usoni.

"Unataka kukiona?" daktari akauliza, maana nilikuwa nimemchosha kwa maswali.

Akanionyesha kwenye kisahani. Kama gamba la dagaa, chembamba zaidi. Nikauliza lile swali la kina Bi Tatu, kitakachobaki kitazikwa wapi. Akasema hakitabaki kitu. Watakikata vipande vidogo zaidi na kuvipanga vyote juu ya jicho la Idi, kama miche.

Idi naye walimlaza meza ya pili. Walibandua ile ngozi nyekundu juu ya kioo, wakatandika utando laini, kisha wakapanga vile vipande vyangu na kuvifunika. Niliuliza utando umetoka wapi. Umetoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua salama. Kwetu kondo linazikwa nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe nimechimba mashimo hayo. Nililala pale na kitambaa jichoni, nikiwaza huyo mama ni nani, na mtoto wake ameshaanza kutambaa au bado.

Walifanya jicho la kulia la Idi tu. La kushoto litasubiri lione mwenzake anafika wapi.

Kungoja, na kurudi

Jicho langu lilipona upesi. Liliwasha kidogo, likaacha. La Idi lilianza vizuri, halafu asubuhi moja nikamwinua ukope kama nilivyofundishwa, nikaona mstari mwekundu umezunguka ukingo. Mwili ulikuwa umemwona mgeni.

Sikumficha. "Umeanza kutema," nikamwambia.

"Basi lete kijiko," akasema, akanishikilia mkono.

Daktari akaongeza dawa. Tulikaa Ilala muda ambao hatukuupanga. Bi Mwamvua akamaliza mawese yote, mimi nikaenda kusaidia kuuza maandazi ya jirani, na Idi akashikwa na mafua yasiyoisha, kwa sababu ya zile dawa. Kila asubuhi nilimtoa mlangoni kwenye mwanga, nikautazama ule mstari. Mwekundu. Mwekundu. Siku moja, umefifia. Nilitazama mara ya pili nisijidanganye, nikamwita Bi Mwamvua naye atazame.

Safari ya kurudi haikuwa na visa, ila kimoja. Mahali fulani kabla ya Tabora, Idi aliniuliza kwa nini yule mtu kule amebeba kitu chekundu kichwani. Nikachungulia dirishani. Kweli kulikuwa na mwanamke na ndoo nyekundu, mbali kiasi. Nikamwambia ni ndoo. Kisha nikajifanya natafuta karanga.

Msidhani anaona kama nyinyi. Hasomi. Sura ya mtu anaipata akiwa karibu, ikiwa na ukungu. Dawa anameza asubuhi na jioni, matone anatiwa jichoni, kila mwezi tunapima damu, na daktari amesema vita havijaisha, vimetulizwa. Huenda vikarudi. Vikirudi, tutaanza tena.

Tulipofika Ujiji, Mwanaidi alikuwa amejifungua binti. Idi alimtazama mtoto kwa karibu sana, mpaka pua zikagusana, halafu akaomba kioo kidogo cha kujitazamia. Alimvuta Mwanaidi akamsimamisha kando yake, bega kwa bega, akakiinua mbele ya nyuso zao. Akasogeza kioo, akasogeza uso. Akamtazama yeye, akajitazama, akarudia. Bi Tatu na wenzake waliokuja kuona kama jicho langu lipo wakasogea karibu.

"Mtaa mzima unasema pacha," akasema mwishowe. "Hatufanani hata kidogo!"

Mwanaidi akamnyang'anya kioo. "Ndiyo umejua leo? Kaa chini, saa ya matone imefika."

Idi akakaa, akainua uso juu, akafumbua jicho.